Saanane, Serengeti au mwaloni? Kuchagua ziara ya somo la Sayansi kwa shule za msingi za Mwanza

Kila mwaka, muhula wa kwanza ukifika katikati, swali lile lile hurudi kwenye ofisi ya walimu: mwaka huu watoto tunawapeleka wapi? Mmoja atasema Saanane, maana kisiwa chenyewe unakiona ukisimama Capri Point. Mwingine atasema kama ni kutoka basi tutoke kweli, twende Serengeti watoto wakaone nyumbu. Na hakosekani mwalimu atakayeuliza taratibu kama kuna haja ya kuwachangisha wazazi wakati ziwa lipo pale, na mwaloni wake wanapopokelewa samaki, na mawe ya nyuma ya madarasa yamejaa mijusi.

Wote watatu wana hoja, na mimi nimeshakwenda na watoto sehemu zote hizo. Safari yangu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Tuliwapeleka watoto kumwona simba aliyefungiwa, wakala biskuti, wakapiga picha, tukarudi. Kesho yake nikawapa karatasi waandike walichojifunza. Karatasi baada ya karatasi nikakuta sentensi moja: "Tulimwona simba amelala." Walisema kweli, simba alilala tangu tulipofika hadi tulipoondoka. Lakini mada kwenye andalio langu la somo ilikuwa makundi ya wanyama wenye uti wa mgongo, na sikuwa nimewapa swali hata moja la kwenda nalo. Siku nzima ya masomo na michango ya wazazi ikaishia kwenye sentensi ile.

Tangu hapo naanza na somo, halafu ndiyo natafuta mahali. Ninayoyaandika hapa yanamlenga zaidi mwalimu wa Mwanza na wilaya za jirani, ingawa wa Musoma, Bukoba au hata Kisumu atakuta mengi yanamhusu. Kisumu wanayo hifadhi yao ya Impala pale ufukweni, yenye swala wanaotembea huru na wanyama wengine vizimbani, kwa hiyo mwalimu wa huko aisome sehemu ya Saanane kama yake.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni mada. Fungua azimio la kazi uone wiki hizo unafundisha nini: sehemu za mwili wa mnyama na kazi zake, makundi ya wanyama, mlolongo wa chakula, au utunzaji wa mazingira. Mahali panapofaa sana kwa mada moja panaweza kuwa hasara tupu kwa nyingine.

Cha pili ni muda wa macho. Mtoto atamtazama mnyama mmoja kwa dakika ngapi, na akiwa umbali gani? Sayansi ya umri huu huanzia kwenye kutazama. Aliyemwangalia pimbi dakika kumi ana mengi ya kuandika kuliko aliyepitishwa mbele ya wanyama ishirini.

Cha tatu ni fedha, na hapa hesabu kila kitu: kiingilio, kukodi basi au boti, chakula, maji ya kunywa, na mwalimu wa kubaki shuleni na watoto ambao nyumbani hawakuweza kuchangia. Hilo la mwisho tunalisahau mara nyingi. Nimewahi kurudi kwenye ziara nikamkuta mtoto amekaa peke yake kwenye dawati la mbele, amechora twiga kwenye kila ukurasa wa daftari lake. Ziara inayowaacha watoto thelathini nyuma ina gharama ambayo haionekani kwenye risiti.

Cha nne ni usalama: maji, barabara, wanyama, jua na magonjwa. Cha tano ni kama mnaweza kurudi. Mambo mengi ya sayansi huonekana pale tu unapolinganisha leo na wiki ijayo, na sehemu mnayoifika mara moja katika miaka yote ya shule ya msingi haiwezi kukupa hilo.

Kisiwa cha Saanane

Wazee wengi wa mjini bado wanaiita Saanane bustani ya wanyama, na wana sababu. Kisiwa kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi aliyeishi pale, na mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama ya kwanza nchini. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ukubwa wake, pamoja na maji yanayokizunguka, ni kilomita za mraba 2.18 tu. Ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, na kwa mwalimu mwenye watoto hamsini udogo huo ni neema. Kikundi hakipotei, na asubuhi moja inatosha.

Kinachofundishika. Hapa ndipo pa kufundishia mwili wa mnyama na jinsi unavyoendana na mahali anapoishi. Mwalimu wangu bora kisiwani ni pimbi. Fika mapema kabla jua halijakolea, utawakuta wamejipanga juu ya mwamba wakiota jua, kwa sababu mwili wa pimbi hauwezi kujitunzia joto vizuri kama miili ya mamalia wengine wengi. Waambie watoto wakae chini kimya, wasinyooshe vidole. Baada ya muda pimbi watazoea, mmoja atapanda jiwe lililosimama wima kama ukuta. Hapo uliza: anashikaje? Watoto watasema ana kucha kali. Hana. Kucha zake ni butu, zinafanana na kwato ndogo, na chini ya nyayo ana ngozi laini yenye unyevunyevu inayonata kwenye jiwe kama mpira. Ukishawaona wamekubali, waambie kwamba ndugu wa karibu wa huyu mnyama mdogo ni tembo na nguva, na kwamba meno yake marefu ya mbele hukua maisha yote kama pembe za ndovu. Darasa zima litabisha, na hapo somo limeanza.

Kisha waonyeshe michirizi myeupe kwenye miamba. Pimbi hukojoa mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, maji yanakauka, chokaa iliyomo kwenye mkojo inabaki juu ya jiwe. Mtoto akishalijua hilo anaweza kukuonyesha pimbi wanakoishi hata kama hajamwona hata mmoja. Amejifunza ushahidi ni nini, bila wewe kuandika neno hilo ubaoni.

Mtoto ataona nini. Mbali na pimbi kuna swala pala, tumbili, kenge, ndege wa majini wengi, na mijusi wa mawe ambao nitawarudia. Mamba, chatu na fisi maji wapo, ila usimwahidi mtoto. Wanyama wa vizimbani hubadilika, kwa hiyo uliza ofisini kabla hujaandika swali lolote juu yao.

Fedha na njia. Boti inaondokea Capri Point na safari yenyewe ni ya dakika chache. Viingilio vya watoto raia ni nafuu, na malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu, kwa hiyo hakuna kubeba bahasha ya noti. Kinachokula muda ni boti kwenda na kurudi kwa mafungu. Ukiwa na watoto tisini, fungu la mwisho hufika wakati la kwanza limeshachoka. Gawanya darasa kwa siku mbili kama unaweza.

Usalama. Mzazi wa Mwanza akisikia neno boti anakumbuka kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018. Usiichukulie hofu hiyo kama usumbufu. Iandike kwenye barua yenyewe kwamba kila mtoto atavaa jaketi okozi kabla ya kukanyaga boti, na kwamba idadi ya abiria haitazidishwa. Halafu simamia hilo pale gatini hata kama foleni ni ndefu. Kisiwani kwenyewe hatari kubwa ni kuteleza kwenye miamba, na tumbili wanaonyakua chakula. Mifuko ya biskuti ibaki na mwalimu mmoja.

Inamfaa nani. Darasa la Tatu hadi la Tano, mada za sehemu za mwili, makazi na makundi ya wanyama, kundi lisilozidi watoto hamsini. Haimfai sana anayetaka kufundisha mlolongo wa chakula, kwa sababu kwenye eneo dogo kiasi hiki ni vigumu mtoto kushuhudia nani anamtegemea nani.

Kuhusu vizimba

Hapa nina neno la pembeni. Watoto wakimwona mnyama kizimbani, lazima mmoja atauliza kama anateseka. Usimnyamazishe. Mpe kazi: ahesabu ni mara ngapi mnyama huyo anapita njia ile ile ndani ya dakika tano, anakunywa nini, analala wapi, kivuli kipo? Kisha muulizane darasani kwa nini mahali palipoanza kama bustani ya wanyama pakageuzwa hifadhi. Na kama wana hamu ya kujua iwapo mnyama aliyefugwa anaweza kurudi porini, wasimulie habari za Rubondo, kisiwa kingine cha ziwa hili hili: kati ya mwaka 1966 na 1969 waliachiwa pale sokwe waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, na vizazi vyao vinaishi msituni mpaka leo. Mazungumzo hayo yamewahi kunichukulia vipindi viwili, na sikujuta.

Serengeti kupitia lango la Ndabaka

Wengi wakisikia Serengeti wanafikiria Arusha. Sisi wa Mwanza tunalo lango letu, Ndabaka, kwenye barabara ya Musoma, ukishapita Magu na Lamadi, takriban kilomita 140 kutoka mjini. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1951 na ina kilomita za mraba 14,763. Darasa la Tano wanaweza kugawanya wenyewe wapate kwamba Saanane ingeingia humo zaidi ya mara 6,700.

Kinachofundishika. Mahusiano. Hakuna sehemu nyingine kati ya hizi tatu ambapo mtoto ataona nyasi, mla nyasi, mla nyama na mla mizoga kwenye upeo mmoja wa macho. Jambo ninalolipenda kulifundisha pale ni zamu ya kula. Pundamilia hutangulia, wakala mabua magumu ya nyasi ndefu. Nyumbu wanafuata, wakala majani ya chini ambayo sasa yamefunuliwa. Swala tomi wanamalizia machipukizi mafupi yaliyo karibu na ardhi. Wanakula nyasi zile zile bila kugombana, kwa sababu kila mmoja ana mdomo na tumbo la kazi yake. Mtoto anayetoka kwenye nyumba ya wafugaji ataunganisha haraka na ng'ombe na mbuzi wa kwao, mmoja anakula chini, mwingine anasimama kwa miguu miwili kufikia matawi.

Halafu kuna habari ya sotoka. Wazee wa Usukumani wanaofuga wanalijua jina hilo. Ugonjwa huo wa ng'ombe uliwaua pia nyumbu. Ng'ombe wa kandokando ya hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukaondoka hata kwa wanyama wa porini ambao hawakuchomwa sindano hata moja, na nyumbu ambao mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama robo milioni wakapita milioni moja kabla ya mwisho wa miaka ya 1970. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani kote. Mtoto akielewa kwamba chanjo ya ng'ombe wa babu yake inahusika na wingi wa nyumbu anaowaona dirishani, ameelewa mazingira kuliko anavyoweza kukariri maana yake.

Mtoto ataona nini. Inategemea mwezi. Nyumbu hufika ukanda wa magharibi kati ya Mei na Julai, kutegemea mvua, kwa hiyo wiki za mwisho kabla ya likizo ya Juni huwa na nafasi nzuri. Nje ya hapo bado kuna pundamilia, swala, nyani na twiga, na viboko na mamba wa mto Grumeti kama muda utatosha kufika huko. Muda wa macho ni mfupi, na hilo ni lazima ukubali kabla. Kwenye basi la watoto hamsini, waliokaa upande usio wa mnyama wanaona visogo vya wenzao. Ninachofanya ni kumwomba dereva azime injini na kusimama mara tano tu, dakika kumi kumi, badala ya kukimbizana na simba. Watoto wanabadilishana viti kila kituo.

Fedha na njia. Hii ndiyo ghali. Basi la siku nzima, kiingilio cha watu na cha gari, chakula cha mara mbili. Mnaondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia. Udongo wa ukanda ule ni ule mweusi wa mbuga, na wakati wa masika unanasa gari kama gundi, hivyo safari ya Aprili iahirishe.

Usalama. Hakuna kushuka ila sehemu zilizoruhusiwa. Barabara kuu na uchovu wa dereva ndiyo hatari kubwa kuliko simba, basi hakikisha kuna dereva wa pili. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii: ndorobo. Mbung'o hawa wanavutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na sketi na kaptula za sare zetu ni za buluu. Omba ruhusa watoto wavae nguo za rangi ya udongo au kaki siku hiyo.

Inamfaa nani. Darasa la Tano na la Sita ambao wameshasoma mlolongo wa chakula na wanakwenda kuukagua. Shule yenye uwezo wa kuchangisha kidogo kidogo tangu Januari. Na lazima niseme wazi: kuna watoto ambao hawajawahi kutoka nje ya kata yao, na kuona uwanda usio na mwisho kunawafungua macho kwa namna ambayo daftari haiwezi kupima. Hiyo ni sababu halali ya kwenda Serengeti. Ila iandike kama sababu yako, usiivalishe joho la somo la Sayansi.

Mwaloni na kiwanja cha shule

Hii ndiyo inayodharauliwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kinachofundishika. Karibu kila kitu, ukiondoa wanyama wakubwa. Anza na mwaloni, pale samaki wanapopokelewa. Mara ya kwanza nilikwenda na watoto ishirini na nne Kirumba, asubuhi. Mama mmoja muuza samaki alituona tumesimama, akauliza, "Mwalimu, mnatafuta nini?" Nikamwambia watoto wanasoma habari za samaki. Akavuta sangara mkubwa, akampasua tumboni, akachomoa bondo lile jeupe, refu, linalong'aa, akaliinua juu. "Wanangu, hili ndilo linalonunuliwa ghali kuliko minofu yake." Watoto wakacheka. Mmoja akaligusa akasema, "Mama, mbona lina hewa?" Mama akamjibu, "Ndiyo linalomshikilia humo majini, asizame asielee." Kwenye kitabu jambo hilo lina mchoro na mstari mmoja. Hapo lilikuwa mkononi mwa mtoto, limelowa.

Mwombe pia akuonyeshe matamvua, mekundu na yamejaa damu, kisha umtafute kamongo. Kamongo ni samaki, ana magamba na mapezi, lakini ana mapafu, na asipopanda juu kuvuta hewa anakufa humo humo majini. Kitabu kimemwambia mtoto kwamba samaki hupumua kwa matamvua, na sasa ana samaki mbele yake anayeharibu kanuni. Mwache asumbuke nalo. Na kama unafundisha utunzaji wa mazingira, sangara mwenyewe anatosha: aliletwa kwenye ziwa hili miaka ya 1950 na 1960, na ilipofika miaka ya 1980 furu, samaki wadogo anaowala, waliokuwa wa mamia ya aina, wakapungua vibaya na aina nyingi zikapotea. Waagize watoto wakawaulize babu na bibi zao walikula samaki gani walipokuwa wadogo, walete majina. Majina mengine wewe mwenyewe hutakuwa umeyasikia.

Kisha rudi kiwanjani. Kamba ya mita nne, ukiifunga ncha kwa ncha na kuinyoosha kwa vijiti vinne, inakupa mraba wa mita moja kwa moja. Kila kikundi kinahesabu viumbe vilivyomo: sisimizi, panzi, konokono, buibui, aina za majani. Jumatatu ijayo wanarudi kwenye mraba ule ule. Baada ya mvua ya kwanza hesabu zinabadilika ghafla, na unapata jedwali la kweli la kuchorea grafu.

Na mijusi niliyosema nitairudia. Yule mjusi wa mawe ambaye kila mtoto wa Mwanza amewahi kumkimbiza, jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae. Ndiyo, limebeba jina la mji wetu. Dume ana kichwa, shingo na mabega mekundu, mwili wa buluu. Jike ni wa kahawia kama jiwe lenyewe. Uliza darasa: mwewe akipita atamwona nani kwanza? Sasa kwa nini dume akubali kuonekana? Watoto wakitazama kwa siku kadhaa watagundua dume mmoja ana jiwe lake, anapiga kichwa juu chini mwingine akikaribia, na majike kadhaa wanaishi humo humo. Saanane mjusi huyo yupo pia. Lakini kule utamwona asubuhi moja, na hapa unaweza kumfuatilia muhula mzima.

Mtoto ataona nini. Muda wa macho ni mrefu kuliko sehemu nyingine zote, na umbali ni wa mkono. Kinachokosekana ni ule mshangao wa mnyama mkubwa, na usijifanye haukosekani. Mtoto wa mwaloni anaweza kukwambia, "Mwalimu, hawa samaki nawaona kila siku nyumbani." Ni kweli. Kazi yako ni kumpa swali ambalo hajawahi kuwauliza.

Fedha na njia. Kamba, vijiti, karatasi, na samaki mmoja wa kununua, au mapanki yakitosha kwa mifupa. Mnatembea kwa miguu. Hakuna mtoto anayebaki.

Usalama. Hapa watu hulegea kwa sababu ni nyumbani. Mtoto asiingie majini hata kwa vifundo vya miguu, kichocho kinatokana na konokono wa pembezoni mwa ziwa na hakihitaji kina. Sehemu nyingine za ufuko zina mamba na viboko, waulize wavuvi kabla. Sokoni kuna visu, miiba ya samaki na mikokoteni inayopita kwa kasi. Kiwanjani angalia siafu na nyoka chini ya mawe, mawe yageuzwe na mwalimu kwa fimbo. Na maji ya kunawa yawepo.

Inamfaa nani. Darasa lenye watoto mia na zaidi, shule isiyo na fungu, watoto wadogo wa Darasa la Tatu, na mwalimu yeyote anayetaka wanafunzi wapime, wahesabu na warudie. Haimfai mwalimu asiye na muda wa kujiandaa. Saanane na Serengeti kuna askari wa hifadhi anayeweza kukusaidia kueleza, na mwaloni uko peke yako na unachokijua.

Popote mtakapokwenda

Kipindi kimoja kabla, kipindi kimoja baada. Kabla: watoto wachore mnyama kwa kumbukumbu, bila kitabu. Baada: wamchore tena, waweke michoro miwili pamoja na waandike walichokosea. Nimeona pimbi wa kabla akiwa na mkia mrefu kama panya, na wa baada akiwa hana mkia kabisa, na chini mtoto ameandika, "Nilidhani." Vikundi vya watoto kumi wenye mtu mzima mmoja, kila kikundi na maswali matatu, siyo kumi na tano. Ruhusa ya Afisa Elimu Msingi iombwe mapema, na barua za wazazi zirudi na saini.

Kwa hali yako

Kama unafundisha makundi ya wanyama au sehemu za mwili, na wazazi wanaweza kuchangia kiasi kidogo, Saanane itakulipa. Nenda asubuhi, kwa mafungu madogo.

Kama Darasa lako la Sita limeshamaliza mlolongo wa chakula, shule ina miezi mitano ya kukusanya, na kuna basi la kuaminika, Serengeti kabla ya likizo ya Juni. Kama basi ni la wasiwasi, acha. Mwaka ujao upo.

Kama darasa ni kubwa na fungu hakuna, mwaloni na kiwanja kwa muhula mzima vitakupa kazi nyingi za wanafunzi kuliko safari moja ya mbali. Vivyo hivyo kama una mtoto mwenye ulemavu wa kutembea: miamba ya Saanane itamshinda, lakini mraba wa kamba unaweza kuwekwa mahali kiti chake kinapofika, na dirisha la basi la Serengeti ni lake sawa na wenzake.

Kama shule iko mbali na ziwa, Kwimba au Misungwi, badilisha mwaloni na lambo au kichuguu. Mchwa wana mfalme, malkia, askari na wafanyakazi, na mtoto wa kijijini tayari anajua kumbikumbi hutoka siku gani.

Kama mnaweza mawili, anzeni kiwanjani wiki nne, halafu Saanane. Watoto waliokwisha kumfuatilia mjusi wa nyuma ya darasa wakifika kisiwani huanza wenyewe kuhesabu majike kwenye kila jiwe.

Na kama zimebaki wiki mbili tu kabla ya kufunga shule, usikimbizane na boti. Nendeni mwaloni Ijumaa. Barua ya Saanane iandike sasa kwa ajili ya muhula ujao, na juu kabisa weka lile swali watoto watakalokwenda nalo, mzazi alisome kabla hajafika kwenye kiasi cha mchango.